Mistari arobaini ya Python na wazee hamsini na wawili wa bonde la Ruzizi

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira, huku ziwa linakoanzia.

Niseme wazi kabla ya yote: katika mambo ya kompyuta, minye, ndiyo mimi kwa Kiswahili cha huku, nilikuwa najihesabu mtu ambaye hakuna kitu kinaweza kumshangaza tena.

Nimeona hard disk iliyotumbukia ziwani ikakaushwa juu ya bati na ikafunguka. Nimeona laptop ikiendeshwa na betri ya lori. Nimeona mtu wa diploma mbili akikaa siku nzima mbele ya code yake, kumbe amesahau bano moja.

Halafu wazee wa Mutarule wakanishangaza. Saa nne asubuhi, jua linawaka, mbele ya watu wote.

Haya ninayoandika mke wangu anasoma, na yeye alikuwepo. Hata nikitaka kujiongezea urefu atanikata hapa hapa kwenye comments. Kwa hiyo someni bila wasiwasi.

Kilichonisukuma ni ule uzi wenu wa Python na JavaScript. Nimeusoma kurasa zote. Mara PHP imekufa, mara asiyejua Rust aende akauze nyanya. Wakuu, PHP "iliyokufa" imenijengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Niacheni na maiti yangu.

Kwa wasionijua: minye sikumaliza shule ya msingi. Nilikuwa darasa la tano vita ya kwanza ilipoingia, tukavuka kwenda Burundi kwa miguu. Niliporudi nilikuwa kijana mrefu asiyejua kitu isipokuwa kubeba mizigo.

Nikapata kazi kwenye secrétariat moja, zile nyumba za kuchapa barua na fotokopi. Kazi yangu ilikuwa kuwasha jenereta na kufuta vumbi kwenye clavier, yaani kibodi.

Zile clavier nilizokuwa nafuta ndizo zilizonisomesha.

Nilianza na Excel. Kule ndani kuna kitu kinaitwa macro: unabonyeza kurekodi, unafanya kazi yako, yenyewe inakuandikia code. Minye nikawa nafungua kuangalia imeandika nini. Nilisoma Visual Basic kabla sijasoma Kifaransa vizuri. Na Excel ni lugha ya programming, mubishe mpaka muchoke.

Kisha Access. Kisha PHP na MySQL. Sasa Python.

Leo secrétariat ni yangu. Nina paneli sita za jua juu ya bati na wafanyakazi wanne, wawili kati yao wana licence ya chuo kikuu. Mji mzima unaniita Ingé, yaani injinia. Hakuna shule iliyonipa hilo jina.

Turudi kwenye kisa.

Hii rébellion ya sasa, vita ya waasi, ilipofika kwenye bonde, watu wa Bwegera, Mutarule na vijiji vya jirani walishuka Uvira na mikeka yao. Wakalala madarasani, wakalala makanisani. Shirika moja la msaada, jina naliacha, likataka kugawa chakula. Walimu wa shule ndio walioandika majina, kila mmoja kwenye daftari lake.

Tatizo ni kwamba familia zilikuwa zinahama. Leo zinaandikwa shuleni, kesho kanisani. Jina moja linatokea mara mbili, mara tatu. Doublons kila mahali. Na shirika lilisema halitoi hata kilo moja kabla liste ya majina haijasafishwa.

Walikuja vijana wawili kutoka mji mkubwa. Laptop nyembamba, viatu vyeupe. Wakaonyesha slide: cloud, API, application ya simu. Wiki tatu.

Minye, niliyeitwa kuchapa yale madaftari, nikauliza swali moja tu: "Hizo wiki tatu watu watakula slide?"

Aliyekuwa anaongoza kazi ile alikuwa mwanamke, tumuite Madame Solange. Si mtu wa huku, amezaliwa Kinshasa, lakini Kiswahili chetu alishakishika. Akanigeukia.

"Weye Ingé, siku ngapi?"

"Mbili, Madame."

"Siku mbili za kweli ao siku mbili za Uvira?"

"Siku mbili zangu."

Nikarudi kwangu, tukachapa yale madaftari yote. Kabla ya kuchapa niliwapa walimu sharti moja wakamilishe madaftari: safu ya tarehe ya kuzaliwa isibaki tupu. Mashine haipendi tupu. Likumbukeni hilo sharti, minye siku hizi nalikumbuka kila nikioga.

Code yenyewe ilikuwa mistari arobaini ya Python, safi kama sahani. Inasema hivi: jina sawa, jina la ubatizo sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, basi huyo ni mtu mmoja. Wa kwanza anabaki, wanaofuata wanafutwa.

Ikakimbia. Sekunde mbili. Wamefutwa sabini na mmoja.

Wiki tatu za watu, sekunde mbili za Ingé. Picha ya ile screen niliiweka hapa hapa jukwaani, na wengi wenu mulinipa likes. Sitazirudisha.

Siku ya kugawa ikafika. Uwanja wa shule ya msingi, lori limeegeshwa, mifuko imepangwa. Karani anaita majina kwa kipaza sauti, mtu anaweka kidole kwenye wino, anatia alama, anachukua mfuko wake. Mpango ulikuwa lori likimaliza pale liondoke saa sita kwenda Makobola, ambako kuna wakimbizi wengine. Ambaye hayumo kwenye liste, atasubiri mwezi ujao.

Minye nilisimama pembeni, shati limepigwa pasi. Nilikwenda kujionea kazi yangu inavyotembea. Siwafichi, nilikuwa nasikia raha.

Ndipo nikasikia kelele mezani.

Mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu kichwani, alikuwa amemkazia karani macho.

"Mzee," karani anasema, "Minani Yosefu alishapita. Alishatia kidole."

"Kidole cha nani? Changu hiki hapa. Kinuse. Kina wino?"

Nikasogea na kifua mbele. "Mzee, tusicheleweshe watu. Mashine haidanganyi. Minani Yosefu, wa tarehe thelathini mwezi wa sita mwaka sitini, eko mumoja tu."

Akanitazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Mutoto wangu, weye ndiye ulitengeneza hiyo mashini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi iulize ni Minani gani alikula posho yangu. Aletwe nimuone tumbo."

Watu wakacheka. Minye sikucheka.

Kabla sijajibu, mzee wa pili akatoka kivulini: "Minye pia ni Minani Yosefu. Nimesimama tangu asubuhi, sijaitwa."

Wa tatu nyuma yake: "Na minye."

Na yule Minani aliyekwisha kupata akarudi, mfuko begani, anahema: "Mulikuwa munaniita tena?"

"Tuko ba Minani bane," akasema mzee wa kofia. "Sasa mutatukata vipande tuingie kwa mustari mumoja?"

Madame Solange akaninong'oneza: "Ingé, hawa wazee wanatuchezea. Watu wanne, jina moja, siku moja ya kuzaliwa? Haiwezekani."

Na minye, wakuu, kwa kichwa changu cha kompyuta, nilikubaliana naye. Nikawageukia wazee kuwakamata uongo. Nikamuuliza mmoja mmoja: mzee, ulizaliwa lini?

"Wakati wa uhuru," akasema wa kofia.

"Wakati wa uhuru," akasema wa pili.

Wa kofia akaruka. "Weye? Uhuru? Siku ya uhuru weye ulikuwa unachunga mbuzi za baba yako! Zikakula mihogo yetu, nikasema, ukanipiga kofi!"

"Kama nilikupiga kofi, weye pia ulishazaliwa!"

"Nilikuwa mudogo!"

"Kofi si ulilisikia?"

Wa tatu akaingilia: "Minye nilikuwa tumboni. Mama alikwenda kuangalia bendera inapanda na tumbo lake. Nilitoka wakati wa kuvuna mupunga."

"Na minye," akasema mwenye mfuko, "si wa uhuru hata. Minye nilizaliwa kwa rébellion ile ya zamani, mama anakimbia msituni. Lakini mwalimu alisema rébellion haina siku, uhuru uko na siku. Akaniandika na hawa."

Hapo, wakuu, ndipo nikaelewa.

Nieleze kwa ndugu zangu wa mbali.

Watu wengi wa bonde la Ruzizi wanasema Kirundi, na kwao jina linafuata namna ulivyozaliwa. Mtoto wa saba mara nyingi anaitwa Nyandwi, wa nane Minani. Mapacha ni Bukuru na Butoyi, anayewafuata ni Ciza. Sasa fikirieni vijiji vya watu wanaozaa vizuri: ba Nyandwi na ba Minani watakuwa wangapi? Tena ni Wakatoliki wengi, wa umri ule walibatizwa Yosefu, Petro, Maria, Anna. Majina ya ubatizo yanaisha haraka.

Na tarehe? Mzee wa umri ule hajui tarehe. Anajua uhuru, anajua rébellion. Mwalimu akiona safu haitakiwi kubaki tupu anaandika thelathini mwezi wa sita mwaka sitini, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya uhuru anayoijua kila Mkongomani.

Na nani alisema safu isibaki tupu?

Minye.

Kibaya zaidi, nilikuwa najua. Sisi ni watu wa Makobola, majina yetu ni mengine, lakini mama yangu mzazi ana tarehe hiyo hiyo kwenye carte yake ya kupiga kura, na yeye anakumbuka uhuru alivyocheza ngoma! Nimeiona kadi hiyo mara mia. Nimeipiga fotokopi kwa mkono wangu. Nilipokaa mbele ya Python nikasahau kama nina mama.

Nikatazama pembeni. Kumbe si ba Minani peke yao. Kando ya ukuta wa darasa walikuwa wamejipanga wazee wengi, wake kwa waume, wanasubiri majina ambayo hayataitwa. Hawakuwa wanapiga kelele. Walifikiri zamu yao haijafika.

Mmoja wa wale vijana wa viatu vyeupe alikuwa ameinua simu, anachukua video.

Madame Solange akauliza, sasa kwa sauti: "Ingé, wako kwenye liste ao hawako?"

Ningeweza kusema walimu waliandika vibaya. Ingepita. Hakuna mtu uwanjani angenipinga, minye ndiye Ingé.

Nikaomba kipaza sauti.

"Wazee wangu, kosa ni langu. Si la walimu, si lenu, si la mashini. Minye niliiambia vibaya. Musiondoke hata mmoja."

Sijawahi kusema maneno mafupi yaliyonitoka kwa shida namna ile.

Sasa tusimame kidogo tuongee kuhusu vyombo vya kazi. Wengine hapa munaidharau Git, ile programu inayotunza kila toleo la faili, munasema ni ya timu kubwa. Minye nilijifunza Git kwa hasira, mwaka niliomtumia mteja liste_final_2 badala ya liste_final_vrai. Tangu siku hiyo kila badiliko naliweka, hata la mstari mmoja. Kwa hiyo siku ile pale uwanjani nilikuwa na liste kabla ya kusafishwa na liste baada.

Nikatoa laptop begini, nikaiweka juu ya mfuko wa unga. Nikaandika git diff, ilinganishe hizo liste mbili.

Munajua inavyoonyesha. Kilichofutwa kinatokea chekundu, na alama ya kutoa mbele.

Mistari sabini na mmoja myekundu. Nilipoiona nyumbani niliona usafi. Pale nikaona watu.

Nikaanza kusoma kwa kipaza sauti, mmoja mmoja.

"Bukuru Maria."

"Niko!"

"Minani Yosefu, wa Mutarule."

"Niko, na kidole changu!"

"Ciza Anna."

Sauti ya mama mwingine: "Eko pale chini, anakaa. Miguu ilichoka kusimama."

"Nyandwi Maria."

"Niko!" Bibi mfupi, fimbo mkononi. "Ulinizika, mutoto wangu, na hata haukunililia?"

Uwanja wote ukacheka, na minye safari hii nikacheka nao, lakini macho yalikuwa yanauma.

Nikasoma mpaka mwisho. Hamsini na wawili waliitika. Kumi na tisa hapakuwa na jibu, hao walikuwa doublons za kweli. Naliweka hilo hapa kwa heshima ya kazi yangu: wale kumi na tisa code iliwakamata sawasawa.

Lakini mifuko ilikuwa imepakiwa kwa hesabu ya liste yangu. Iliyobaki ndani ya lori ilikuwa ya Makobola.

"Ingé," Madame Solange akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "siwezi kuchukua mufuko wa mutu wa Makobola nimupe wa Mutarule."

"Kule ni kwetu, Madame. Usiuguse. Hawa ni wangu."

Lori likaondoka saa sita. Nikampigia mke wangu simu nikamwambia aje na kile kisanduku cha akiba cha chini ya kitanda. Hakuuliza cha nini. Aliuliza:

"Wako wangapi?"

"Hamsini na wawili."

"Ulifuta wengi, baba Neema."

Akaja. Yeye ndiye aliyekwenda sokoni, kwa sababu minye wauzaji wakiniona wanapandisha bei, wanasema Ingé ana pesa. Akanunua unga, maharagwe, mafuta na chumvi, kipimo kile kile cha shirika, hakupunguza hata kijiko.

Wakati tunamsubiri nikakaa chini na wazee, laptop magotini, nikafungua code. Nikamuuliza mzee wa kofia: kama si tarehe, nitawatenganisha na nini?

"Kwetu mutu haulizwi tarehe. Anaulizwa nani alimutangulia, nani alimufuata mugongoni kwa mama."

Nikaona akili. Nikaandika haraka: jina, pamoja na aliyekutangulia. Nikawajaribu ba Minani wanne. Aliyekutangulia?

"Nyandwi." "Nyandwi." "Nyandwi." "Nyandwi."

Mzee akashika mbavu kwa kucheka. "Sasa kabla ya nane kuna nini, Ingé? Ulitaka kumi?"

Haya, bug ya pili siku ile ile. Lakini hiyo niliikamata kabla haijala mtu, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Nikabadilisha: mama yako ni nani, na mama yako ni binti wa nani. Safu ya tarehe, ruhusa kubaki tupu. Ba Minani wanne wakatoka mistari minne. Ba Nyandwi wakatengana. Wale kumi na tisa wa kweli wakabaki kufutwa vile vile.

Bibi wa fimbo akaomba kuona jina lake kwenye screen. Hajui kusoma, lakini nilimwonyesha lilipo. Akaweka kidole juu yake, akakaa nacho pale muda mrefu. Sikumkataza, ingawa alikuwa ananichafulia kioo.

Saa nane mke wangu akafika na tricycle mbili zimejaa. Hamsini na wawili wote wakachukua. Wa kwanza alikuwa Ciza Anna, tulimpelekea pale pale alipokaa.

Mwezi uliofuata liste ilipita bila hata mzee mmoja kubaki ukutani, na ile code sasa inatumika kwenye kambi zote za hapa mjini. Vijana wa viatu vyeupe walikuja kwangu, kwa heshima kabisa, wakaiomba. Nikawapa bure. Wameiandika upya kwa JavaScript, imeingia kwenye simu, na nasema bila wivu: inafanya kazi vizuri. Video yao walinionyesha pia. Ninaonekana mnene, lakini maneno yangu yanasikika.

Kwa hiyo wakuu, mukimaliza kubishana lugha gani ni bora, niambieni: hiyo lugha yenu inamjua Minani wa nne? Python ilifanya nilichoiambia. PHP ingefanya vile vile, na Rust ingewafuta wazee wangu haraka zaidi. Funzo nililobeba ni hili: kabla hujaandika "hawa wawili ni mtu mmoja", nenda kawatazame. Na mtu akikuambia hajui tarehe yake, usimlazimishe kuwa na tarehe ili mashine yako ifurahi.

Minye sikusoma, lakini hilo nimelijua kuliko waliosoma. Mwenye kubisha abishe, uwanja uko wazi. Na kama kwenu kuna namna yenu ya kumtambua mtu bila tarehe, iandike hapa chini, naikusanya kwa toleo lijalo la code.

NYONGEZA: Naona munauliza wote swali moja, ilinigharimu kiasi gani. Nilitaka kunyamaza, lakini mke wangu amesema nikiandika "pesa nyingi" ataweka yeye hesabu kamili. Unga, maharagwe, mafuta, chumvi na zile tricycle mbili: dola mia sita themanini na tatu, na franka za Kongo elfu mbili mia tano.